Sketi ya Katani

Kwa wale mnaonisikiliza mkiwa kwenye matatu, mwombeni dereva aongeze sauti kidogo, kwa sababu jioni ya leo nina kisa cha sketi.

Ilikuwa mwaka 2022, mwanzoni mwa Oktoba. Ujumbe uliingia kwenye kundi la wazazi la WhatsApp saa nne usiku, maana jumbe za aina hiyo haziji mchana hata siku moja. Ijumaa kila mtoto aje amevaa vazi la kitamaduni la jamii yake, na abebe chakula cha jamii yake. Jumatatu ingekuwa Siku ya Utamaduni, na shule ilitaka kusherehekea mapema.

Binti yangu alikuwa Gredi ya 3. Mimi ni Mmaragoli wa Vihiga, mama yake ni Mtaita wa Wundanyi, na nyumbani kwetu Nairobi tunasema Kiswahili, tena kile ambacho shangazi zake hukisikiliza huku wamekunja uso. Akaniuliza, "Baba, mimi nivae ya nani?"

Nikampigia mama simu. Nilidhani ataniambia kuna kitu kimehifadhiwa ndani ya sanduku, chini ya kitanda. Alicheka mpaka akakohoa. Wamishonari wa kanisa la Marafiki, wale Waquaker, walifika kwetu Kaimosi mwaka 1902. Kufikia utoto wa mama yangu, vazi la heshima la mwanamke wa kwetu lilikuwa gauni refu na kitambaa cha kichwa. "Mvalishe gauni safi," akaniambia, "mumpake mafuta." Mama mkwe naye alijibu kwa namna yake: leso. Nikamwambia leso ni ya Waswahili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema amejifunga leso tangu alipovunja ungo na hakuna Mswahili aliyewahi kuja kumdai.

Basi Alhamisi, baada ya kazi, nikapanda ngazi za jengo moja karibu na River Road, ghorofa ya pili, kwa mama mmoja anayekodisha mavazi ya ngoma. Chumba kidogo, kamba zimetandazwa ukuta hadi ukuta, na kila kitu kinaning'inia: shanga, njuga, mikia ya ng'ombe, ngao za mbao nyepesi, ngozi zisizo ngozi bali kitambaa chenye madoa ya chui. Nikamwambia nataka vazi la mtoto wa kike, Mmaragoli. Akashusha sketi ya katani, ile ya nyuzi ndefu zinazomwagika kutoka kiunoni. Shilingi 500, na dipoziti 1,000. Nikafikiri kidogo, nikamuuliza kama ana ya Kitaita pia, nione ipi itampendeza. Akaitazama ileile aliyoishika, akaigeuza, akaniambia, "Baba, ya Kitaita ndiyo hii. Ila tunaiongezea ushanga hapa kifuani."

Nikauliza na Wakamba? Hiyo hiyo. Wagiriama? Hiyo hiyo, lakini kwa Wagiriama yeye binafsi angependekeza hando, ile sketi yao ya marinda, maana Wagiriama wakiiona katani jukwaani watalalamika. Ana sketi 30 za katani, na kila msimu wa tamasha la muziki la shule zinatoka zote.

Hapo nilitakiwa kukasirika, nadhani. Sikukasirika. Nililipa.

Sasa niwarudishe kwenye hiyo sikukuu yenyewe, kwa maana Oktoba 10 nchini Kenya imebadilisha majina kuliko mtu anayekimbia madeni. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kuwa Siku ya Moi, kuadhimisha utawala wa Rais Daniel arap Moi. Mliosoma enzi hizo mnakumbuka kwaya na gwaride, na maziwa ya Nyayo tuliyogawiwa shuleni. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 9, ikataja sikukuu tatu tu za kitaifa: Madaraka Juni 1, Mashujaa Oktoba 20 na Jamhuri Desemba 12. Moi hakutajwa, tukaendelea na kazi. Novemba 2017 Mahakama Kuu ikasema, ngojeni kwanza: Sheria ya Sikukuu, Sura ya 110, bado inaitambua siku hiyo, na hakuna aliyeifuta. Kwa hiyo 2018 tukapumzika tena, wengi wetu tukiwa hatujui tunampumzikia nani.

Mwishoni mwa 2019 Baraza la Mawaziri likaamua Oktoba 10 iitwe Siku ya Huduma, na Desemba 26, ambayo sote twaijua kama Boxing Day, iitwe Siku ya Utamaduni. Baadaye sheria ikageuzwa. Boxing Day ikarudishiwa jina lake, utamaduni ukahamishiwa Oktoba 10. Hivyo ndivyo tulivyoisherehekea 2022, na 2023. Ilipofika 2024 sheria nyingine ikaifanya Siku ya Mazingira, siku ya kupanda miti, kuelekea lile lengo la serikali la miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032.

Sina ugomvi na miti. Ninachotaka kuwaambia ni kwamba jina la utamaduni lilipoondolewa, hapa studioni hatukupokea simu hata moja. Unga ukipanda shilingi 10 tunashindwa kusoma jumbe zenu zote. Wakati huu simu ilinyamaza kama imekatwa.

Linganisheni na Afrika Kusini. Mwaka 1994, serikali mpya ilipoandaa orodha ya sikukuu, Septemba 24 haikuwemo. Siku hiyo Wazulu wa KwaZulu-Natal walikuwa wakimkumbuka Mfalme Shaka. Chama cha Inkatha kikasimama kidete, yakafanyika mapatano, na ile siku ya Shaka ikawa Siku ya Urithi ya nchi nzima, kila mtu na urithi wake. Siku hizi wapo wanaoiita siku ya kuchoma nyama. Kampeni ya kuiita hivyo ilianza 2005, na Askofu Mkuu Desmond Tutu alikubali kuwa mlezi wake mwaka 2007. Wengine wanachukia kuona urithi wa Shaka umegeuka moshi wa soseji, na wana haki ya kuchukia. Lakini angalau wana kitu cha kugombania. Siku yao ilidaiwa na watu. Yetu ilitoka kwenye meza ya mawaziri na ikarudi mezani huko huko.

Narudi kwenye sketi. Nilikaa nayo sebuleni usiku ule nikiziparura nyuzi, mtoto amelala. Katani hutokana na mkonge, na mkonge si wetu. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliuingiza Tanga mwaka 1893, miche yenye asili ya Mexico. Kati ya 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutoka hiyo 62 mkonge ukaenea. Ukitoka Voi kwenda Mwatate leo, njia ya kwa wakwe zangu, unapita katikati ya mkonge mpaka macho yanachoka. Kwa hiyo vazi la mababu wa binti yangu, wa upande wa baba na wa upande wa mama, limetengenezwa kwa mmea uliowakuta mababu hao wakiwa wazee.

Na mashamba yale yalitaka mikono. Ndipo wanapoingia Wamakonde. Walitoka kaskazini mwa Msumbiji, wakaletwa kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na ya miwa pwani ya Kenya, Kwale zaidi. Wakazaa, wakazika, wakazaa tena. Vinyago vyao vikauzwa kwa watalii, na mtalii akirudi kwao akasema hiki ni kinyago cha Kenya. Mwenye kuchonga, je? Hakuwa na kitambulisho. Bila kitambulisho hapa kwetu huwezi kusajili laini ya simu, kwa hiyo huna M-Pesa yako mwenyewe. Huwezi kununua shamba kwa jina lako, huwezi kupiga kura. Watu waliishi hivyo kwa vizazi, wanatuma pesa kwa laini ya jirani.

Oktoba 2016, Wamakonde walitoka Kwale kwa miguu kuja Nairobi, wazee na akina mama, hadi wakamfikia Rais Uhuru Kenyatta Ikulu. Mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Julai mwaka huo huo Wakenya wenye asili ya Asia wakatambuliwa kuwa la 44. Mwaka 2023 wakafuata Wapemba, wavuvi wa Kwale na Kilifi, watu ambao samaki wao tumewala miaka na miaka.

Nikiulizwa sikukuu ya utamaduni ya kweli Kenya ilikuwa lini, nitataja siku mzee wa Kimakonde alipokishika kitambulisho chake, akakigeuza nyuma na mbele. Hakukuwa na haja ya sketi.

Lakini, na hapa ndipo ninapokwaruzana na rafiki zangu wanasheria, hiyo hesabu yenyewe ina kichekesho. Tumeimba makabila 42 tangu shule ya msingi kana kwamba Mungu aliyaorodhesha. Mimi ni Mluhya. Jina hilo lilianza kushika kasi miaka ya 1930 na 1940. Babu yangu alizaliwa Mmaragoli na akawa Mluhya akiwa mtu mzima. Mijikenda, makaya tisa, jina hilo nalo likapata nguvu miaka ya 1940. Na Kalenjin, hii nawapa kama zawadi kwa kuwa mnanisikiliza redioni: neno hilo maana yake ni "nawaambieni", na lilisambaa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kupitia mtangazaji aliyelitumia kuanzia matangazo yake. Tafadhali, mtu yeyote asiseme redio haina kazi. Kabila zima limepata jina kutokana na salamu ya mtangazaji!

Sisemi ni makabila ya uongo. Jina jipya linaweza kubeba kitu cha zamani sana. Kuna ngoma ya isukuti, ya ndugu zetu Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pembe ya swala na njuga. Mwimbaji anaongoza na wachezaji wanajipanga wawili wawili. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu wapigaji wazee wanaondoka na vijana hawachukui nafasi zao. Jambo la kusikitisha. Lakini nendeni uwanjani siku AFC Leopards wanacheza. Timu hii iliundwa mwaka 1964 ikiwa na jina la Abaluhya. Serikali ilipokataza majina ya kikabila kwenye michezo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, jina likafutwa. Isukuti ikabaki jukwaani kwa mashabiki. Hakuna waziri aliyeileta, na aliyeipiga wiki iliyopita karibu na mimi alikuwa kijana wa Kikuyu amevaa jezi ya Ingwe, kama tunavyoiita timu hiyo, anakosea mdundo, na mzee mmoja anamrekebisha kwa kumgonga begani.

Sasa mtasema, ndugu mtangazaji, si kuna Bomas of Kenya? Ipo. Ilianzishwa 1971 kule Lang'ata, nyumba za jamii mbalimbali zilijengwa pale, na kikundi chake cha wachezaji kinacheza ngoma za kila upande. Mjaluo anaruka kimasai, Mmeru anatingisha mabega ya Wagiriama. Ni wachezaji hodari mno. Lakini taja Bomas leo kwa Mkenya yeyote, anachowaza kwanza ni kura. Rasimu ya katiba ilijadiliwa pale 2003 na 2004. Kura za urais zilijumlishwa pale 2013, 2017 na 2022, na mwaka huo wa 2022, Agosti 15, siku ya kutangazwa mshindi, tuliona wenyewe kwenye runinga jukwaa likigeuka uwanja wa mieleka. Nyumba tuliyojenga ili tuonyeshane ngoma ndiyo tunayoingia kuhesabiana. Sijui kama yupo mshairi angethubutu kubuni hilo.

Na vazi la taifa mnalikumbuka? Mwaka 2004 kulifanyika mashindano makubwa ya kulibuni, likazinduliwa kwa shangwe. Sitawauliza lilikuwa la rangi gani.

Ijumaa ile asubuhi. Mtoto amevaa sketi ya katani, inamwasha. Anajikuna njia nzima. Mama yake akachukua leso, akamfunga ndani ili nyuzi zisimguse ngozi, na kipande cha pili cha ile doti akamtupia begani kwa sababu kulikuwa na baridi. Chakula tulikuwa tumepanga kumpelekea mrenda na ugali wa wimbi, mambo ya kwetu, lakini umeme ulikatika usiku na kilichokuwepo ni chapati za jana. Akabeba chapati nne ndani ya kontena ya majarini.

Jioni nikamuuliza mambo yalikwendaje. Akasema mwalimu aliwapanga mstari, kila mmoja ataje jamii yake na chakula chake. Zamu yake ilipofika mwalimu akamuuliza, "Chapati ni ya jamii gani?" Akajibu, "Ya Krismasi."

Darasa zima likapiga makofi, maana kila mmoja alijua ni kweli. Chapati ilikuja na Wahindi, wengi wao mafundi wa reli na wenye maduka, lakini hakuna mtoto wa Vihiga, wa Murang'a wala wa Machakos asiyejua harufu yake Desemba 25, mama amekaa kando ya jiko la makaa, unga hadi kwenye viwiko. Na ile leso aliyofungwa ndani? Neno lenyewe ni la Wareno. Ukisoma ukingoni utakuta maandishi "Mali ya Abdulla", alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak, familia ya Kihindi iliyofungua biashara Mombasa mwaka 1887. Kitambaa kikachapishwa ng'ambo, jina likaandikwa kwa Kiswahili, kikafungwa kiunoni Lamu, kikapanda treni, kikafika Wundanyi kwa mama mkwe wangu, aliyekigeuza mbeleko, kitambaa cha kichwa, na siku ya msiba mkeka wa kukalia. Kisha akaniambia hakuna aliyewahi kuja kukidai. Ni kweli, hakuna. Jumla ya watu walioshughulika na leso ile hawaingii kwenye mstari wa mwalimu.

Nilimuuliza binti yangu alisema yeye ni jamii gani. Akasema mwalimu alimwandika Mluhya, kwa sababu ya baba. Lakini yeye alikuwa ameshasema "Mtaita na Mluhya", na mwalimu akamwambia nafasi kwenye fomu ni moja.

Hiyo nafasi moja ndiyo iliyoniudhi katika kisa hiki chote. Si mwalimu, mwalimu ana watoto 52 na kengele inalia. Ni namna tunavyouita utamaduni kila tunapotaka kuuonyesha: njoo na wako, kwenye mfuko wako, simama kwenye mstari wako, cheza dakika tatu, keti. Siku ikiandaliwa hivyo, anayekuja ni mtu wa kabila fulani akiwawakilisha wa kabila hilo mbele ya wageni. Hakuna wa kuulizwa alichoazima kwa jirani, wala jirani alichoazima kwake. Na siku ya namna hiyo ikifutwa, utaipigia simu redio ulalamikie nini? Ulikodi sketi, umeirudisha, dipoziti umepewa.

Oktoba 2024 nilikuwa mjini kwa shughuli zangu, nikapanda zile ngazi kumsalimia yule mama. Nilikuwa na wasiwasi naye, nisiwafiche. Nilifikiri sikukuu ikishakuwa ya miti, biashara imekufa. Nikamkuta amezungukwa na vijana watatu anawapima viuno kwa utepe, sindano mdomoni. Nikamuuliza kama siku ile imemwathiri.

"Siku gani?" akasema, akazitoa zile sindano. Nikamweleza. Akanitazama kama mtu aliyesahaulishwa jambo na kukumbushwa bure. Oktoba 10 haikuwahi kumlisha, akaniambia, watoto wa shule hurudisha vitu vikiwa vimekatika. Zinazomlisha ni Jumamosi. Ruracio ya Wakikuyu huku, koito ya Wakalenjin kule, mahari Kakamega, na siku hizi hata wanaorudi kutoka Qatar na Marekani wanapiga simu miezi mitatu kabla. Halafu mazishi ya wazee. Halafu wanasiasa, lakini wanasiasa analipisha kwanza.

Juu ya kichwa chake niliiona sketi ndogo ya katani, ile ile, naijua kwa nyuzi zilizokatika upande wa kushoto ambako mtoto alikuwa akijikuna. Nikamuuliza inakwenda wapi.

"Hiyo? Keshokutwa inakwenda Busia," akasema, akarudisha sindano mdomoni. "Bwana harusi ni Mnubi wa Kibra. Wametaka na leso."